Kiatu Kisichoweza Kutoka Makongeni Hadi Upper Hill Si Kiatu cha Kazi

Wacha niseme mapema ndio wa kukasirika wakasirike mapema. Hivi viatu tunavyouziwa kwa simu kila siku kwa jina la "viatu vya ofisi" havikutengenezewa mtu wa Eastlands. Vilitengenezewa mtu anayetoka kwa mlango, anaingia kwa gari, anashukia besimenti, anapanda lifti na kuketi. Huyo hata akivaa sufuria miguuni atafika. Sisi tunaoamkia Makongeni, Kaloleni, Mbotela na Maringo tunatembea. Tunatembea kwenda stegi, tunatembea kutoka stegi, tunasimama risepsheni siku nzima, halafu mtu aliyeshuka kwa gari lake dakika mbili zilizopita anatuangalia miguu na kuamua hatuko siriasi na kazi.

Naandika hii ju wiki iliyopita nilipitia video tatu za makocha wa kazi, wale wa suti na taa ya duara, na wote watatu walisema kitu kimoja: nunua jozi moja ya bei, kiatu ndicho kitu cha kwanza mdosi anaona. Mmoja alitaja elfu kumi na tano bila kupepesa macho. Kwa mtu ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza! Na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza swali ambalo mathe yeyote wa mtaa angeuliza kwanza: utatembea umbali gani nacho?

Hilo ndilo swali langu leo. Msimamo wangu ni huu: kiatu cha kazi kipimwe kwa safari yote, kutoka mlango wa nyumba hadi dawati la ofisi, siku nzima, na kurudi. Kikifeli hapo, hata king'ae namna gani, hicho ni pambo. Na mwajiri anayetaka pambo alipie.

SAFARI YENYEWE

Kwa wasiojua, Makongeni ninayosema si ya Thika. Ni ile ya nyumba za reli, kati ya Jogoo Road na njia ya treni. Industrial Area iko ng'ambo ya reli. Hapa kutembea kwenda kazi hakuna uhusiano na mambo ya kupunguza kilo, ni hesabu ya mfuko. Amka mapema siku moja uangalie venye watu wanaelekea viwandani kwa miguu kabla jua halijatoka vizuri. Nairobi nzima, zaidi ya safari moja kati ya tatu hufanywa kwa miguu, na wengi wa hao watembeaji hawatembei kwa kupenda.

Sasa chukua msichana wa mtaa aliyepata kazi Upper Hill. Mat ya Jogoo Road inamwacha Muthurwa. Siku jam imekataa, konda anawaambia "shukieni hapa" City Stadium na mnamalizia kwa miguu. Kutoka Muthurwa anafuata Haile Selassie, anapita Railways, anavuka Uhuru Highway, halafu anaanza kupanda. Upper Hill haikuitwa hivyo kwa urembo, ni mlima kweli. Hiyo ni zaidi ya kilomita mbili. Mtasema apande mat ya pili. Sawa, tufanye hesabu. Tuseme ni hamsini kwenda na hamsini kurudi, siku 22 za kazi kwa mwezi: shilingi 2,200. Kwa mtu wa mshahara mdogo hiyo ni gesi na unga. Kwa hivyo anatembea.

Na barabara yenyewe mnaijua. Udongo wa Eastlands ni ule mweusi unaonata. Mvua ya Machi hadi Mei ikianza, kabla ufike stegi kila mguu umeongeza kilo. Mvua ikiisha, vumbi. Hapo katikati kuna vifuniko vya mitaro vilivyoibiwa, mikokoteni, na mama mboga aliyepanga biashara yake pale ambapo ungekanyaga. Matope na vumbi vinataja mtaa wako kabla CV haijafunguliwa. Ndio maana asubuhi kwenye milango ya majengo ya tao utapata watu wameinama pembeni wakipangusa viatu na tishu. Hawapangusi uchafu peke yake. Wanapangusa anwani.

Halafu kuna ule mfuko wa pili. Kila msichana wa mtaa anayefanya kazi ofisini anaujua. Mkoba mmoja wa vitu zako, na mfuko mwingine wa viatu "vya ndani". Unatoka kejani na raba, ukifika karibu na jengo unajificha nyuma ya nguzo unabadilisha, jioni unabadilisha tena. Watu wanauona kama ujanja na makocha wanaupost kama ushauri. Mimi nauita ushuru. Ni jozi mbili badala ya moja, mzigo kila siku kwa mat iliyojaa, na aibu ya kubadilisha viatu barabarani kama mtu anayebadilisha jina. Mwenye gari halipi huo ushuru.

NILICHOONA MIMI

Mimi nimebeba huo mfuko. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, fee ilipokataa kabisa, nilipata kazi ya risepsheni kwa ofisi moja ambayo sitaitaja. Miezi mitatu. Siku ya pili nilivaa viatu vyeusi bapa vya ngozi, safi, vimepigwa rangi. Supavaiza akanivuta pembeni: "Dada, hivyo ni vya shule. Hapa tunataka kitu kimeinuka kidogo." Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akacheka.

Haikuwa imeandikwa popote. Kijana tuliyeketi naye dawati moja, kazi moja, mshahara mmoja, alivaa viatu bapa kila siku ya Mungu na hakuna aliyemwambia ni vya shule. Mimi nikanunua za kuinuka, kwa pesa yangu, kutoka kwa huo huo mshahara. Mwezi wa kwanza ulipoisha, kucha za vidole gumba zangu zilikuwa zimegeuka rangi. Mgongo nao ukaanza kuongea jioni. Supavaiza alikuwa anaegesha gari chini ya jengo. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Binamu yangu yuko kwa mambo ya wageni tangu amalize kidato cha nne, miaka mingi ya kusimama juu ya visigino. Leo mfupa wa kando ya kidole gumba umetokeza nje, kidole kimelalia kingine. Hawezi kuvaa viatu vya harusi ya dada yake mwenyewe. Kiatu chembamba mbele kinabana vidole, kisigino kirefu kinasukuma uzito wote wa mwili mbele, na misuli ya nyuma ya mguu ikizoea kukunjwa inakuwa mifupi hadi siku akivaa raba anaumia pia. Chanda chema huvikwa pete, walisema. Cha mguu kinavikwa hii.

KISIGINO KILIKUWA CHA FARASI

Hii ya "kuinuka" ilitoka wapi kwani? Wanaume ndio walianza. Wapanda farasi wa Uajemi walivaa visigino ili mguu ushike vizuri kwenye kikuku cha tandiko wakisimama kurusha mishale. Mtindo ukafika Ulaya, na kwenye karne ya 17 mabwana wakubwa wakavaa visigino ambavyo havikuwa na kazi yoyote isipokuwa kuonyesha kwamba mwenyewe hatembei mbali na halimi. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alivaa vyenye kisigino chekundu, na hiyo rangi ikawa alama ya watu wa kasri lake.

Soma hapo tena. Kiatu kilichotengenezewa mtu aliye juu ya farasi, kikageuzwa ishara ya mtu asiyetembea, ndicho leo kinadaiwa kutoka kwa msichana anayeshuka Muthurwa saa moja na nusu asubuhi.

Na kabla uniambie haya ni malalamiko ya wasichana wavivu wa Eastlands, skia. Desemba 2015, Nicola Thorp alifika kwa ofisi za PwC jijini London kuanza kazi ya muda ya risepsheni aliyopewa kupitia kampuni ya nje, Portico. Alikuwa na viatu bapa. Akaambiwa kanuni ni kisigino cha inchi mbili hadi nne. Alipokataa, akarudishwa nyumbani bila malipo. Mwaka wa 2016 akaanzisha ombi kwa Bunge, na watu zaidi ya 150,000 wakaweka sahihi. Portico wenyewe wakabadilisha kanuni yao. Kamati za Bunge zikachunguza, Januari 2017 zikatoa ripoti kwamba wanawake wengi wanapitia hayo na sheria haiwalindi vya kutosha. Serikali ikajibu sheria iliyopo inatosha, lakini angalau swali lilifika mahali pa maana.

Mwaka huo huo wa 2017, jimbo la British Columbia kule Kanada likakataza waajiri kulazimisha visigino virefu, na Ufilipino nayo ikatoa agizo kama hilo. Mwaka wa 2019 Japani, Yumi Ishikawa alianzisha #KuToo, mchezo wa maneno wa Kijapani kati ya kiatu na maumivu. Waziri wa kazi wa huko akatetea visigino kwamba kuna kazi ambazo jamii inaona vinafaa. Mwaka uliofuata shirika la ndege la Japan Airlines likaacha kulazimisha wahudumu wake kuvivaa. Hizo ni nchi zenye treni za kufika kwa dakika. Sisi wa kupanda mlima kwa miguu ndio tumenyamaza.

SHERIA TUNAYO

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema wafanyakazi wanaofanya kazi wamesimama wawekewe mahali pa kuketi wapumzike nafasi ikipatikana. Risepsheni ngapi umeona tao ambapo msichana amesimama nyuma ya meza ndefu na hakuna hata stuli?

Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi aliye kwenye hatari, kwa mfano maji au vitu vya kudhuru, mwajiri amtafutie mavazi ya kujikinga, pamoja na viatu pale vinapohitajika. Kwa hivyo mama anayefanya kazi kiwandani Industrial Area, kwa sheria, kiatu cha kumlinda ni jukumu la mwajiri. Binti yake aliyesoma, aliyevuka akaenda ofisi ya vioo, anajinunulia kiatu cha kumuumiza. Na sisi tunamwita aliyeendelea.

Ombi langu si kubwa. Kama kampuni inataka aina fulani ya kiatu, iandike kwa kandarasi, iandike vile vile kwa wanaume na wanawake, na inunue. Kama haitaki kununua, basi iseme "safi na nadhifu" na iishie hapo. Hii ya kanuni isiyoandikwa, inayotolewa kwa mnong'ono na mtu mwenye uwezo wa kukufuta, si kanuni. Ni mtu tu na macho yake.

MAJIBU YENU NINAYAJUA

Wa kwanza atasema: "Shukuru una kazi." Nashukuru. Lakini kushukuru hakufanyi mguu wangu uwe wa chuma. Na mtu aliyetembea kilomita mbili na malengelenge hawezi kukutabasamia mgeni saa mbili asubuhi, kwa hivyo hata wewe mdosi unapata hasara.

Wa pili atasema: "Mavazi ni heshima." Kweli. Lakini heshima inapangwa na nani? Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni, wakati Rais wa nchi ndiye alikuwa mvaaji wake namba moja. Vazi la Ikulu halikutosha kuingia bungeni. Sasa ukiniambia kuna kipimo kimoja cha heshima kilichoshuka kutoka mbinguni, nitakuuliza kilishukia kwa meza ya nani.

Wa tatu ni dada zangu: "Mimi napenda visigino." Hata mimi! Jumamosi nikiwa na mpango, nitavaa za kuinuka na nitarudi nimezibeba mkononi nikicheka. Hiyo ni kupenda. Kupenda kuna siku ya kupumzika. Amri haina.

Na wa nne, huyu ndiye mgumu, ni mtu aliye na intavyu kesho na hana nguvu ya kupigana na mtu yeyote. Kwako sisemi uende na patipati ukawafundishe adabu. Pata kazi kwanza. Lakini hata kwa intavyu kuna kiatu nadhifu ambacho hakitakuua, na nitafika hapo sasa hivi.

Kabla ya hapo, neno kwetu sisi. Tunachekana sana mtaani. Kijana akivaa suti na raba nyeusi, anaitwa mshamba. Msichana akivaa viatu bapa, anaulizwa kama ameenda kuchukua mtoto shule. Tunamsukuma yule kijana anunue vile viatu vya plastiki vilivyochongoka mbele kama mtumbwi, vinang'aa bila rangi, vinachemsha mguu, na mvua ya kwanza ikipiga vinafungua mdomo. Mwajiri hakuwa hata hapo. Sisi wenyewe ndio tumefanya kazi yake.

SASA TUCHAGUE

Kiatu cha kazi kinachoonekana poa na hakiumi kipo, na si cha elfu kumi na tano. Mimi natoa zangu Gikomba, na jozi ya ngozi ya kamera naipata kwa thao moja na nusu au mbili nikienda mapema na maneno matamu. Mambo ninayoangalia ni haya.

Nenda baada ya saa nane mchana. Mguu huvimba kadiri siku inavyoenda. Kiatu kilichokutosha saa moja asubuhi kitakubana saa kumi. Vaa na soksi utakayovaa kazini, vaa vyote viwili, simama. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kidogo, nunua kwa huo. Mbele ya kidole kirefu kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji akikuambia "itafunguka ukivaa", jua ngozi hufunguka kwa upana kidogo, kwa urefu haifunguki, na plastiki haifunguki popote.

Toa soli ya ndani ukanyage juu yake. Vidole vikimwagika nje ya ukingo, kiatu ni chembamba, rudisha hata kama kinapendeza namna gani. Kichwa cha mviringo au cha mraba laini kinaonekana cha ofisi kabisa. Si lazima kichongoke.

Kunja kiatu. Kinafaa kukunjika pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama chapati, hakina uti wa mgongo na unyayo wako utaumia. Kisipokunjika kabisa, utatembea kama bata. Kisha finya sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe ngumu, isiporomoke.

Angalia soli ilivyoisha. Mitumba imevaliwa na mtu. Kama imeliwa upande mmoja, mwenyewe alikuwa anaegemea huko, na wewe utaanza kuegemea kama yeye. Utarithi goti la mtu wa Ulaya usiyemjua.

Finya soli na ukucha. Hii ni muhimu sana. Kuna soli nyepesi za povu ambazo zikikaa kwa kabati miaka mingi bila kuvaliwa huoza ndani kwa ndani. Kiatu kinaonekana kipya kabisa, unakinunua kwa furaha, na siku ya tatu soli inameguka kama keki katikati ya Haile Selassie. Ukifinya na vipande vitoke, au ukikunja uone nyufa, achana nayo. Raba ngumu iliyoshonwa ni salama zaidi.

Hakikisha ni ngozi. Angalia ukingo uliokatwa au ndani ya ulimi: ngozi ina nyuzinyuzi kama ya kukwaruza, plastiki ina kitambaa kimebandikwa nyuma. Finya kwa kidole: ngozi hufanya makunyanzi madogo, plastiki hubonyea tu. Ngozi inapumua na inakubali rangi tena na tena. Plastiki ikichubuka imeenda.

Kisigino. Bapa kabisa chenye soli nyembamba kama karatasi, kama vile viatu laini vya kike vya bei ya chini tunavyovipenda, pia si kizuri. Kila jiwe la Jogoo Road utalijua kwa jina. Sentimita mbili au tatu za soli nene kidogo ziko sawa. Ukitaka kuinuka kwa intavyu, chukua kisigino kinene cha sentimita nne au tano, kipana chini, chenye mkanda wa kushika mguu. Kinaonekana rasmi, na unaweza kukimbilia mat nacho. Nimejaribu.

Kwa aina, mimi nasema hivi. Wasichana: viatu vya kuingiza mguu vya ngozi, vile vinaitwa loafers. Najua, kwa Kiswahili lofa ni mtu asiye na kazi, lakini ndivyo vitakusaidia kuweka kazi yako. Vyeusi au kahawia iliyokolea, vinaenda na sketi na suruali. Vijana: viatu vya kamba vya kichwa mviringo na soli ya raba, au Chelsea za ngozi kwa msimu wa mvua ju matope hayaingii. Siku ya Ijumaa ofisi ikilegea, Safari Boot ya Bata, ya kutoka Limuru hapa, inasimama vizuri na suruali ya khaki. Na kama ofisi yako inakubali, raba nyeusi ya ngozi yote nyeusi hadi soli, bila maandishi. Ukiipiga rangi ni watu wachache sana watajua ni raba.

Kisha usivae mara moja. Peleka kwa fundi wa viatu wa mtaa. Mwambie ashone soli kuzunguka pande zote, abadilishe soli ya ndani aweke nene, apige rangi. Kazi ya fundi kwa kiatu kizee cha ngozi nzuri ina maana kuliko kiatu kipya cha plastiki kutoka kwa duka lenye taa. Wengi wetu tulipita shule yote na Toughees zilizoshonwa mara tatu. Tulikuwa tunajua kutunza kiatu kabla makocha hawajatufundisha. Na ukiwa na jozi mbili za bei ya chini ukazipishana siku, zitadumu kuliko moja ya bei inayovaliwa kila siku, ju ngozi inahitaji kukauka jasho.

Ukitaka mpya kabisa ya ngozi, pita Kariokor. Mafundi wa pale watakupima mguu na kukutengenezea. Na ukiwa pale kumbuka jina lenyewe lilitoka wapi: Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita ya wenyewe hadi makumi ya maelfu wakafa. Wengi walitembea peku. Zaidi ya miaka mia baadaye hapo ndipo tunashonewa viatu, na bado kuna mtu anaamini miguu yetu ni ya kubeba raha ya mtu mwingine.

MNIFANYIE HIVI

Ukienda kusaini kandarasi mwezi huu, uliza kwa upole: "Kanuni za mavazi zimeandikwa wapi, na ni sawa kwa wote?" Swali tu. Wakikuonyesha karatasi, soma. Wasipokuonyesha, umeshawajulisha kwamba unajua kuna karatasi inafaa kuwepo. Na wewe uliye HR, unaisoma hii ukiwa umevua viatu chini ya meza, ju najua umevua, andika hiyo sera upya. Tafuta na ile stuli ya risepsheni ukiwa hapo.

Kwa komenti niambieni mtaa wako, ofisi iko wapi, unatembea dakika ngapi na umevaa nini. Picha za viatu ziko sawa, hata za matope. Nikipata za kutosha nitazipanga kwa video, na nitawatagi wale makocha wote watatu.